Stempu Themanini za Sanduku

Nilifika Eldoret na katoni ya mafuta ya kupikia iliyofungwa kwa kamba ya katani. Ndani mlikuwa na suruali mbili, shuka, cheti changu cha kidato cha nne na samaki wakavu ambao mama alisisitiza niwabebe, kana kwamba huku juu watu hawali. Tangu hapo nimeishi miji saba, nikihesabu na ile niliyolala wiki moja tu, na sijasahau kamba ile ilivyonikata vidole.

Aibu yenyewe ilinipata Desemba ya kwanza, niliporudi nyumbani. Kwetu kando ya ziwa, mtu anayetoka kazini haangaliwi uso kwanza, anaangaliwa mkono. Binamu yangu aliyekuwa karani Nakuru alishuka na sanduku jeusi la safari, watoto wakagombania kulibeba. Mimi nikashuka na katoni yangu ile ile. Shangazi aliipokea, akaipima uzito, akasema, "Kumbe Eldoret nako wanauza mafuta." Watu walicheka na mimi nikacheka nao, lakini usiku wote nililisikiliza sanduku la binamu yangu likifunguliwa na kufungwa, kufuli zake zikilia tak, tak, kila alipotaka kitu kidogo. Nikajiambia kwamba Desemba ijayo nitafika na sanduku, au nisifike kabisa.

Kulinunua kwa mshahara wa kiwanda cha mbao halikuwa jambo la kufikiria. Ila palikuwa na duka moja mjini, karibu na soko, ambalo mwaka ule lilianza utaratibu mpya. Ukinunua vitu vya kutosha, keshia anakupa stempu ya kijani yenye picha ya korongo. Unaibandika kwenye kadi yenye miraba themanini. Kadi ikijaa, mwenye duka anaichukua na kukupa nyingine nyekundu, kadi ya zawadi, na kwa hiyo nyekundu unachagua kitu kimoja kutoka rafu ya juu nyuma ya kaunta, chini ya picha ya Rais. Kwenye rafu hiyo palikuwa na blanketi la maua, saa ya ukutani, sufuria zilizopangwa kama mnara, na sanduku moja la kahawia lenye kufuli mbili za shaba. Yalikuwa matatu, keshia aliniambia, lakini mawili yalikwisha kuchukuliwa.

Nilianza kununua sukari na sabuni hapo hapo tu. Mtu mmoja anayeishi peke yake anakula sukari kiasi gani? Kufikia Agosti nilikuwa na stempu kumi na tisa.

Ndipo nilipomkuta jirani yangu akishona. Tulipanga vyumba vilivyopakana katika ploti moja kule Langas. Alikuwa mama aliyetoka upande wa Nyeri na binti zake wawili, na alikuwa akiuza kabichi na sukuma wiki kando ya barabara, mbele kabisa ya duka lile. Alikuwa ameketi mlangoni na sindano, akipitisha uzi kwenye kitu kigumu.

"Mama, unashona nini?"

"Kadi ya duka. Hii gundi yao ni ya mate tu. Mvua ya huku ikinyesha siku mbili, stempu yote inaanguka."

Nilichungulia. Makorongo yake yalikuwa yamepangwa safu tatu, kila moja likiwa na mshono wa msalaba kifuani.

"Na ikijaa utachukua nini? Blanketi?"

"Sanduku."

"Unasafiri?"

"Niende wapi? Na kabichi nimwachie nani?"

Nilirudi chumbani kwangu nikakaa kitandani. Mtu asiye na pa kwenda alitaka sanduku langu. Angetaka saa au sufuria ningemwombea heri. Tangu siku ile nilianza kumhesabia. Nikimsikia kupitia ukutani akiwaambia wanawe kwamba leo kabichi zimeisha mapema, moyo ulikuwa unanishuka.

Oktoba mambo yalizidi kuwa mabaya. Wakulima walianza kuuza mahindi, wakawa wanakuja mjini kutoka Moiben na Chepsaita, mzee na mkewe, na kununua vitu vya mwaka mzima kwa siku moja: mablanketi, mabuti, sukari ya gunia. Keshia aliwapa stempu kwa mkanda mrefu, nao hawakujua ni za nini. Jirani yangu alikuwa pale pale mlangoni. Jumamosi moja nilisimama pembeni nikamwona.

"Chamgei, Mzee," alimsalimu mmoja kwa lugha yake. "Hizo karatasi za kijani unapeleka wapi?"

"Ni za nini?"

"Watoto wangu wanachezea."

"Basi chukua."

Akachukua stempu sita kwa neno moja, na mzee akanunua na kabichi juu yake. Jumamosi iliyofuata nikajaribu maneno yale yale kwa mzee mwingine. Alinitazama kuanzia viatu mpaka nywele. "Wewe kijana mzima unataka karatasi ya kuchezea?" Akazikunja, akazitia mfukoni mwa koti lake, ambamo najua zilioza.

Nikatafuta njia yangu. Kiwandani nikajitolea kuwafanyia wenzangu ununuzi wa wikendi, wao wakapumzike. Walinipa orodha na pesa, nikawaletea vitu vyao kamili na chenji yao kamili. Stempu hawakuziuliza, nami sikuzitaja. Fundi wa msumeno aliwaambia watu kwamba kijana huyu amelelewa vizuri. Ukweli ni kwamba nilikuwa nabeba magunia ya sukari ya watu mgongoni kwa sababu ya kijicho tu. Stempu nyingine zilikuwa zimelowa jasho na gundi imetoka, na kushona niliona ni kumuiga yule mama, kwa hiyo nilizibandika kwa uji mzito wa mahindi. Zilishika vizuri sana.

Kadi nilitembea nayo, mfukoni, hadi siku ile ya langoni mwa soko. Vijana wa chama walikuwa wamesimama pale wakiwazuia watu, kila mtu aonyeshe kadi ya chama, ile yenye picha ya jogoo, kabla ya kuingia. Nilikuwa na mawazo yangu. Nikatoa kadi, nikampa mmoja wao, kijana mwenye shati jekundu. Aliifungua. Akaigeuza.

"Huyu jogoo mbona ana shingo ndefu hivi?"

Walionifuata wakarudi nyuma hatua moja. Siku hizo chama kilikuwa kimoja, na mzaha juu yake ungeweza kumpeleka mtu mahali asipopajua.

"Hiyo ni ya duka," jirani yangu alisema kutoka nyuma yangu, kabichi kichwani. "Huyu ni kijana wa kwetu kwa ploti, anatafuta sanduku mpaka amerukwa na akili. Hiyo ingine iko mfuko wa shati. Kijana, toa."

Nikatoa. Yule wa shati jekundu akacheka, wote wakacheka, nikaingia. Yule mama alikuwa ameniokoa, na jambo la kwanza nililofikiria ni kwamba kadi ilipokuwa imefunguliwa, alikuwa ameona nimebakiza ngapi. Sikumshukuru. Jioni hiyo niliiweka kadi ndani ya katoni yangu ya zamani, chini ya kitanda, nikaapa kutotembea nayo tena.

Mwisho wa Novemba nilihitaji stempu tatu. Yeye alihitaji sita. Nilijua kwa sababu binti yake mdogo aliniambia, nilipomnunulia peremende.

Jumapili asubuhi nilivuta katoni nibandike mbili nilizopata jana yake. Kadi haikuwapo. Palikuwa na kipande chake cha kona, ukubwa wa kiganja, na ungaunga wa karatasi. Sikufikiri hata kidogo. Nilitoka na kile kipande mkononi hadi kwenye mfereji, ambapo ploti nzima ilikuwa inafua.

"Mama, umeingia kwangu."

"Nimeingia lini?"

"Kadi yangu imekatwakatwa. Ni nani mwingine anajua nimebakiza ngapi? Ni nani mwingine anataka lile sanduku?"

Alitua karai lake. Wengine waliacha kufua.

"Ulibandika na nini?"

"Na uji."

"Uji ya nini?"

"Ya mahindi."

"Ukaweka wapi?"

"Kwa katoni."

"Ile ya mafuta?"

Mtu mmoja kwenye mfereji alianza kucheka. "Na ya samaki," mwingine akamalizia.

Alichukua ufagio wake akaingia chumbani kwangu, sisi tukamfuata. Akavuta kitanda. Kwenye kona, nyuma ya mguu wa kitanda, palikuwa na kiota cha panya, laini kama pamba, kimetandikwa kwa karatasi ya kijani. Vitoto sita vyekundu vilikuwa vimelala juu ya makorongo yangu.

"Hao ndio wezi," alisema. "Ita polisi."

Walicheka mpaka mzee wa chumba cha mwisho akalazimika kukaa chini. Yeye hakucheka. Aliniambia kwa sauti ya chini, lakini wote wakisikia, "Umeniita mwizi mbele ya watu. Faini yako ni hii: siku nikienda kuchukua hilo sanduku, ni wewe utanibebea." Kisha akauliza, "Zimebaki ngapi nzima?"

"Hakuna."

Zilikuwa kumi na moja, tisa kwenye ile kona na mbili mpya. Zingemtosha na kubaki. Kesho yake nikienda kazini nilisimama kwenye daraja la Sosiani nikazitupa majini moja moja, mpaka ya mwisho.

Alizipata sita zake kwa wakulima, kwa siku nne tu. Jumamosi nililipa faini. Mwenye duka alilitoa sanduku rafuni, akalipangusa vumbi, akanipa mimi kwa kuwa nilikuwa mwanamume. Lilikuwa jepesi ajabu. Tulipopita stendi, utingo mmoja alinikimbilia. "Bosi, Kisumu? Nafasi ya mbele iko." Hakuna mtu aliyewahi kuniita bosi. Niliulegeza mkono ili sanduku lionekane zito, nikaegemea upande mmoja kama nilivyomwona binamu yangu akifanya. Nyuma yangu yule mama alikuwa anakufa kwa kicheko.

"Nyoosha mkono, kijana. Halina kitu."

Nilitembea polepole kadiri nilivyoweza. Nilitamani Langas ihamie Kapsabet, njia iwe ndefu zaidi.

Kwake, mbele yangu, alilifungua akapanga ndani sare za wanawe, madaftari yao, kisha mfuko wa unga. Muhula uliopita panya walikula sweta ya yule mkubwa, akafukuzwa shule wiki nzima hadi ipatikane nyingine. Hiyo ndiyo iliyokuwa safari ya sanduku. Ningependa kusema kwamba nilipojua hivyo wivu ulikwisha. Haukwisha. Sasa nilimwonea wivu hata hiyo sababu yake, kwa kuwa ilikuwa nzuri kuliko yangu.

Wiki ya Krismasi nilifunga katoni yangu tena. Asubuhi ya kuondoka, mlango wa jirani ulikuwa wazi. Sanduku lilikuwa kizingitini, limefunguliwa, tupu, limepanguswa. Sare na unga vilikuwa kitandani. Yeye alikuwa amechuchumaa akiwasha jiko.

"Unaenda leo?"

"Leo."

"Na unabeba na nini?"

Nilidhani ananidhihaki. Nilidhani ameliweka pale makusudi, nilione kwa mara ya mwisho.

"Na mikono," nikasema, nikapita.

Stendini gari la Kisumu lilikuwa linapiga honi. Akilini nilimwona shangazi, nikalisikia na neno lake kabla hajalisema. Upande wa pili palikuwa na gari la Kitale, ambako sikumjua mtu hata mmoja, na mahali ambapo hakuna anayekujua hakuna anayekuangalia mkono. Nikapanda hilo. Mama yangu alinisubiri mpaka Januari. Kutoka Kitale nikaenda Lodwar, kutoka Lodwar kwingine, na hivyo ndivyo nilivyojikuta mtu wa kuhamahama, kila mahali nikikumbuka nilikotoka na nisirudi.

Nilipovuka miaka arobaini nilipita Eldoret nikamtafuta. Alikuwa bado Langas, na kibanda chake mwenyewe sasa. Alinitambua kabla sijasema jina. Sanduku lilikuwa kando ya kitanda, limefunikwa kitambaa cha kufumwa.

"Ile siku nililitoa vitu," alisema akimimina chai. "Nikapangusa. Nikangoja uombe. Ukaniambia mikono."

"Si ungenipa tu, Mama."

"Wewe uliniita mwizi. Kuomba kungekuua?"

Niliomba nilinyanyue, nikalikuta zito kwa unga. "Hata siku moja halijapanda gari," alisema, kwa fahari.

Langu nilikuwa nimeliacha mlangoni, lenye magurudumu, limechubuka kwenye stendi za nchi nzima na zipu yake imefungwa kwa waya. Nilibonyeza kufuli za lake, moja, halafu ya pili. Zililia tak, tak, safi kama siku ya kwanza. Nilizibonyeza tena, na tena, mpaka akaniambia niache, nitaziharibu.