Mashine Iliyowaka Ijumaa

Kwa miezi minne mashine ya kukata majani ya nyumba ya wageni niliyofanyia kazi Likoni iliwaka siku ya Ijumaa peke yake. Siku nyingine zote za kazi ilivutwa kamba mpaka mvutaji akalowa jasho, na haikutoa hata kikohozi. Ijumaa ilivutwa mara moja tu, ikanguruma. Nayasema haya kwa yakini kwa sababu mimi ndiye niliyekuwa nikiandika katika daftari la ofisi, kila siku: imewaka, haikuwaka.

Nilikuwa karani. Ilikuwa miaka ile ya mwisho ya ukoloni, na nyumba yenyewe ilikuwa ya kampuni moja ya Wazungu, waliokuja kupunga upepo wakitoka bara. Mbele yake palikuwa na kiwanja kikubwa cha majani. Msimamizi wa nyumba, Mzungu mrefu aliyevuta soksi zake mpaka magotini hata siku za joto kali, alikipenda kiwanja hicho kuliko wageni waliokikanyaga. Mashine ilikuwa mikononi mwa mzee mmoja wa mtaa wa Shika Adabu, ambaye sote tulimwita ami.

Kila mtu alikuwa na maelezo yake. Mpishi alisema mashine imeingiwa na jini, tena jini Mwislamu. Ami alisema ni baraka ya siku, wala hakuona ajabu yoyote. Msimamizi alisema ni mgomo. Zilikuwa siku za mikutano ya siasa, na yeye hata nazi ikianguka alidhani kipo chama kilichoiangusha.

Jumatatu moja aliniita ofisini.

“Mkubwa wa kampuni anakuja kutoka Nairobi, Jumatano ya wiki ijayo. Asubuhi hiyo nataka mashine iwake. Isipowaka, mzee wako aende kwake.”

Nilimpelekea ami habari. Alikuwa na mguu mmoja mzito, na shamba lake alikwisha wagawia wanawe. Hakuwa na pa kwenda kuomba kazi nyingine, na alilijua hilo. Akaniuliza, “Hawezi mgeni huyo kuja Ijumaa?”

Nikaamua kutafuta chanzo kwa utaratibu. Nilianza na petroli: ilikuwa ya debe lile lile, Jumatatu na Ijumaa. Jumanne tuliifungua plagi, tukaiunga kwenye waya wake na kuilaza juu ya chuma cha injini, ami akavuta kamba. Hatukuona cheche. Ijumaa iliyotangulia, ami alipoijaribu vivyo hivyo kabla ya kuifunga, nilikuwa nimeiona kwa macho yangu, ya buluu, ikiruka. Kwa hiyo petroli haikuwa na hatia. Kosa lilikuwa kwenye plagi, na plagi hiyo haikulala kwenye mashine. Msimamizi alikuwa ameamuru ifunguliwe kila jioni, mtu asije akaitumia mashine kwa siri, na ami alikwenda nayo nyumbani mfukoni. Nikaona njia ni moja, niifuate plagi.

Jumatano baada ya kazi nilifuatana naye hadi kwake. Alikaa barazani, akatoa plagi, akaipangusa, kisha akachovya kidole katika kikombe cha mafuta ya nazi na kuipaka yote, mpaka kule nchani cheche inakorukia. Aliipaka kama alivyopaka kufuli lake, mkasi wake na magoti yake.

“Ami, mbona mafuta?”

“Chuma, hapa penye chumvi, kilale kikavu? Wataka kiniozee?”

Alhamisi nilikwenda tena. Mkewe alikuwa amewasha chetezo, ametia udi, na juu yake amefunika tenga lenye kanzu ya Ijumaa. Ami akaja na koleo, akaifukia plagi katika makaa yale yale. Nikauliza kwa nini.

“Kesho adhuhuri natoka kazini nakwenda msikitini. Plagi nimekatazwa kuiacha, basi ni lazima niwe nayo mfukoni. Nisujudu nanuka petroli?”

Ijumaa asubuhi mashine iliwaka kwa mvuto mmoja. Nikaandika: imewaka.

Sasa nilikuwa na jawabu. Nikamweleza kwamba makaa huunguza mafuta na masizi, plagi ikakauka, ikatoa cheche.

“Ni udi, mwanangu.”

“Ni moto, ami. Jumanne jioni iweke motoni tena, na Jumatano itawaka.”

Mkewe alisikia kutoka ndani. “Udi Jumanne? Mtaa mzima utasema waoa!”

“Basi tutumie makaa matupu, mama,” nikasema.

Ami akanitazama kama mtu anayemtazama mjinga kwa huruma. “Karani, kazi inayochomwa hapa ni yangu, si yako. Miezi minne imewaka kwa moto wenye udi. Moto usio na udi nikaujaribu siku ya kufukuzwa?”

Mkewe akakubali kwa sharti moja: Jumanne mimi nikae barazani, nimwambie kila mpitaji ukweli. Nilikaa. Harufu ilipotoka dirishani akaja jirani, mwanamke wa makamo, buibui amelishika mkononi kwa haraka aliyokuwa nayo.

“Harusi lini?”

“Hakuna harusi, mama. Ni plagi ya mashine ya majani.”

“Wanaume mna maneno!” akasema, akaenda kuwaambia wengine.

Jumatano saa mbili mashine ikawaka kwa mvuto wa kwanza. Msimamizi alikuwa amesimama mlangoni na saa yake mkononi, akatikisa kichwa kukubali. Ami akakata mstari baada ya mstari, na tayari alikuwa amefika katikati ya kiwanja gari la mkubwa lilipoingia, saa nzima kabla ya wakati wake.

Ami akaizima mashine. Kwake mgeni hasalimiwi katika kelele. Alipangusa mikono, akaweka kofia sawa, akamwendea: karibu bwana, salama, habari za safari, habari za nyumbani, watoto hawajambo? Mkubwa, kumbe, alikijua Kiswahili na alikipenda, akajibu moja moja, naye akauliza ya kwake. Walisalimiana hata dereva akakaa chini.

Kisha ami akarudi kuvuta kamba. Kimya: Ijumaa zote hakuwahi kuizima kabla ya kumaliza. Akavuta mpaka injini ikanuka petroli mbichi. Akafungua plagi aikaushe, ikamchoma vidole, akaitupa bila kutaka, nayo ikaangukia upande wa majani marefu. Tuliitafuta kwa magoti, mimi, ami, mpishi na hatimaye mkubwa wa kampuni mwenyewe, aliyesema hajapata kufurahi hivyo tangu atoke Nairobi. Tulipoipata chakula kilikuwa kimepoa, na kiwanja kimebaki kama kichwa cha mtoto aliyemtoroka kinyozi.

Jioni msimamizi aliniita.

“Bwana, ulisema iwake,” nikamwambia. “Imewaka.”

“Nilitaka kiwanja kikatwe.”

“Hukusema hivyo, bwana.”

Msimamizi akachukua faili la ami, akaandika kwa penseli: abaki au aondoke? Nitaamua nikirudi. Wiki iliyofuata akaenda likizo kwao Ulaya, asirudi. Aliyekuja badala yake alilisoma swali lile, akasema halikuwa lake kulijibu, akalifunga faili.

Uhuru ukaja, na msimamizi wa tatu, wa hapa hapa, naye akalisoma na kulifunga. Kila mwisho wa mwezi ami alipita dirishani kwangu.

“Karani, nimefukuzwa?”

“Bado, ami.”

“Basi nipe petroli.”

Nilipohamia Changamwe maandishi ya penseli yalikuwa yameanza kufutika, na swali lilikuwa halijajibiwa.