Siku King'ora Kiliponiitia Watu

Iko siku moja, mwanangu, ambayo hadi leo sijaisahau, na ndiyo nataka kukusimulia kabla hujapakia maboksi hayo kwenye pikipiki. Juzi umeniambia unataka kutoka hapa Bariadi mjini na kuanza kufunga ving'ora vijijini, uanzie Lingeka, kule Meatu, kwa wenye maghala ya pamba na mazizi makubwa ya ng'ombe. Nimefurahi sana. Biashara hii niliianza kwenye chumba kimoja cha kupanga, nikilala juu ya gunia la nyaya, na leo wewe unaifikisha Meatu. Lakini ulipomaliza kwa kusema, "Tunafika asubuhi, tunafunga, saa sita tumeshaondoka," moyo wangu ulishtuka. Kaa kidogo. Lingeka haihami.

Wakati ninaousema, Bariadi ilikuwa wilaya tu, mkoa wa Simiyu haujazaliwa. Mimi nilikuwa kijana mwenye nguvu na maneno mengi. Nilikuwa nimejifunza ufundi Mwanza kwa mtu aliyefunga alamu za magari, nikarudi nyumbani na kukuta maduka yanavunjwa, basi nikajiita mtaalamu wa usalama. Hakuna aliyenipinga, maana hakukuwa na mwingine. Nilikuwa na mtindo wangu wa kazi, nao niliupenda kuliko kazi yenyewe: nikishamaliza kufunga, ninabonyeza swichi ya kujaribia na kukiacha king'ora kilie kwa muda mrefu, mtaa mzima usikie. Pale mjini watu waliziba masikio na kucheka. Kesho yake mwenye duka la jirani angekuja kuuliza na yeye anapataje cha kwake. Hilo ndilo lilikuwa tangazo langu.

Kule Kasoli nilikuwa na mteja mmoja aliyeitwa Masanja, mtu mnene mwenye duka la mbegu na dawa za pamba, na nyuma ya duka alikuwa na ghala. Nilimfungia king'ora kinachotumia betri ya gari, na kitambuzi juu ya mlango, kile kidude kinachoona kitu kikipita. Nilikwenda kwake mara kadhaa, hiki kimelegea, kile kimeshika vumbi. Sasa nisikilize vizuri nilivyokuwa naenda. Nilifika na pikipiki, sikuvua helmeti mpaka niwe ndani, nikapita mbele ya watu waliokaa barazani kama napita mbele ya ukuta, nikafanya kazi, nikaondoka. Nilikuwa na haraka. Nilidhani haraka ndiyo dalili ya fundi anayetafutwa.

Basi siku hiyo, katikati ya msimu wa kuvuna pamba, Masanja alinipigia simu akilalamika kwamba king'ora kinalia chenyewe kila popo wa darini wanapopita, mpaka amelazimika kukizima. Akasema yeye anakwenda Nyalikungu, kule Maswa, kuna msiba wa shemeji yake, ila ufunguo atampa bodaboda aniletee. Nikaupata. Nilipofika Kasoli jua lilikuwa limeshakuwa kali na barabara ilikuwa kimya, kwa sababu kila mwenye mikono alikuwa shambani. Pembeni ya duka la Masanja alikaa mama mmoja mtu mzima anayeuza dagaa wa kukaanga. Nikampita. Nikafungua kufuli, nikaingia, na kwa sababu ya vumbi nikaurudishia mlango nyuma yangu.

Kazi yenyewe haikuwa ngumu. Nilipanda ngazi, nikashusha kitambuzi kikae chini ya njia ya popo, nikakaza nyaya. Halafu kwa mazoea yangu nikabonyeza swichi na kukiachia king'ora kilie. Nakwambia kililia. Bati zilitetemeka. Nikawa nimesimama juu ya ngazi, plaizi mkononi, nafurahia sauti yangu mwenyewe, mpaka niliporidhika nikakizima.

Jambo moja sikulijua. Masanja alikuwa mtu wa akili, na baada ya safari yangu ya mwisho kwake alikwenda kwenye mkutano wa sungusungu, walinzi wa kijiji, akaomba kwamba kikilia, kihesabiwe kuwa mwano. Wewe umezaliwa mjini, acha nikueleze. Mwano ni lile yowe letu Wasukuma la kuitana kwenye hatari. Ukilisikia unaacha ulichoshika, hata kama ni chakula kinywani, unachukua fimbo na kukimbia linakotokea, na njiani na wewe unalipiga ili wa mbele wasikie. Asiyetokea anaitwa ajieleze, na majibu yake yawe mazuri. Kijiji kilikuwa kimekubaliana hivyo, na mtu pekee ambaye hakuambiwa ni aliyekifunga. Wangeniambia saa ngapi, nami nilikuwa siongei na mtu?

Kwa hiyo king'ora kilipokaa kimya, nilisikia kitu ambacho mjini sikuwahi kukisikia. Filimbi zinalia huku na kule mashambani. Yowe linatoka upande wa mtoni, linajibiwa upande wa shule, na yote mawili yanakuja. Nikajiambia kuna mwizi ameonekana mahali. Utanicheka, lakini ndivyo ilivyokuwa: nilimwonea huruma huyo mwizi.

Mlango uliruka. Kwanza niliona mwanga tu, kisha nikaona watu wamejaa mlangoni, wanaume kwa wanawake, wengine wana pamba imewanasa nywelani, wameshika fimbo na mapanga na majembe, na wote wananitazama mimi. Nilibaki juu ya ngazi nimeganda. Mwili wangu ulielewa kabla ya kichwa. Kabla sijasema neno nilikuwa nimeshavutwa miguu, niko sakafuni, na fimbo ya kwanza imeshatua hapa begani. Bega hili hili ambalo kila masika unaniona nalikanda.

Nilipiga kelele kwamba mimi ni fundi. Mtu mmoja akauinua mkono wangu juu wenzake waone: plaizi, na kipande cha waya. Mwingine akamwaga mkoba wangu chini, zikatoka bisibisi, msumeno wa chuma na lundo la funguo za kujaribia. Niliviangalia vifaa vyangu pale sakafuni, na kwa mara ya kwanza nikaviona kama walivyoviona wao. Nikawaambia wampigie Masanja. Wakapiga. Simu yake ilikuwa imezimwa, alikuwa msibani. Kijana mmoja wa makamo yangu alisema kwa utulivu kabisa, "Tumtoe nje, humu ndani kuna mali ya watu." Mwanangu, kile kilichonitisha kuliko fimbo ni huo utulivu wake. Wangenimaliza pale nje na kurudi kuvuna.

Ndipo ntemi, yaani mkuu wao wa sungusungu, akafika, mzee Lugembe, mwembamba, amevaa koti la mvua kwenye jua lile. Hakupandisha sauti. Alinitazama pale chini, kisha akawageukia watu wake akauliza, "Nani anamjua huyu?"

Kimya.

Nilizungusha macho kutafuta uso mmoja. Na hapo ndipo nilipopata mshtuko ambao sijawahi kuupata tena, kwa sababu na mimi sikumjua hata mmoja. Mahali ambapo nimekuja mara kwa mara, nimekula hela yao kupitia kwa Masanja, nimepita mbele ya milango yao. Nilikuwa nakaribia kufa katikati ya watu, na ilikuwa sawa na kufa porini.

Sauti ikatoka nyuma. "Mimi namjua."

Watu wakapisha. Alikuwa yule mama wa dagaa, mikono imejaa mafuta, baadaye nilikuja kujua anaitwa mayu Nkwimba, yaani mama Nkwimba. Akanielekezea kidole. "Ni yule asiyesalimia."

"Asiyesalimia namna gani?" mzee Lugembe akauliza.

"Huyu huja na pikipiki nyekundu, na likofia lake kichwani. Kila akipita namwambia mwangaluka, haitikii. Anaingia kwa Masanja, hilo likitu linalia, anatoka, anaondoka. Leo pia sijasalimiwa. Lakini kuiba hajaiba. Nimemwona akifungua kwa ufunguo, na Masanja mwenyewe asubuhi alisema fundi anakuja." Akafuta mikono kwenye kanga. "Hana adabu tu."

Fimbo zilishuka. Niliona zikishuka moja baada ya nyingine, na machozi yakanitoka mbele ya watu wote bila aibu. Mama yule niliyekuwa nampita kama jiwe alikuwa ananisalimia siku zote hizo, na sikuwa na habari.

Sijamaliza. Wakati bado nimekaa sakafuni, alifika mtu wa mwisho, mzee mwenye mguu mmoja mbovu, na mkongojo, anahema mpaka anashindwa kusimama. Alikuwa ametoka mbali. Akashika mlango, akatazama, akauliza, "Bado mnanihitaji?" Mzee Lugembe akamwambia hapana baba, pumzika, kumekuwa na makosa. Yule mzee akaketi kizingitini, akacheka kidogo, akasema basi ni heri. Nilitamani ardhi inimeze.

Ntemi hakunitoza mbuzi, ingawa sheria yao ilimruhusu. Aliniinua kwa mkono wake mwenyewe, akaniambia maneno ambayo nimeyabeba tangu siku ile. Alisema, "Kijana, ukipiga mwano umetuambia mtu anakufa. Sisi hatuulizi, tunakuja. Sasa wewe umeupiga ili usikie unavyolia. Siku nyingine mwano ukilia kweli, huyu mwenye mkongojo atakuja tena? Zunguka uwaamkue watu uliowatoa mashambani. Kisha ndiyo uende."

Nikazunguka, bega linawaka moto. Niliwaamkua wote, wakubwa nikiwainamia, nikiomba radhi. Mama mmoja alikuwa ameacha uji motoni ukaungua wote na sufuria. Aliitikia salamu yangu vizuri kabisa, halafu akaniuliza kama nimeumia sana.

Unadhani Masanja alisema nini aliporudi kutoka msibani? Nilimpigia jioni, nikamweleza yote, nangoja anipe pole. Akasema, "Kumbe kinafanya kazi." Nilikata simu. Nilikaa nayo mkononi nimeduwaa, nikiwa na hasira ambayo sikujua niielekeze kwa nani, maana nilipofikiri vizuri niliona amesema kweli. Kilifanya kazi kuliko kingine chochote nilichowahi kufunga. Kelele ilikuwa yangu, lakini kazi ilifanywa na wale walioacha pamba chini wakaja. Pale mjini ving'ora vyangu vililia mwaka mzima na hakuna aliyegeuza shingo, na mimi nikajiita mtaalamu.

Toka hapo nilibadilisha biashara yangu yote, na hiki unachokirithi leo ndicho kilichotokana na siku ile. Wenzangu waliokuja baadaye na mitambo mizuri kuliko yangu wamefunga ofisi, sisi tupo, na watu huniuliza siri ni nini. Mayu Nkwimba ndiye siri, Mungu amrehemu. Mpaka anafariki sikuwahi kupita Kasoli bila kula dagaa wake, na mpaka anafariki alikuwa akinitambulisha kwa jina lile lile, asiyesalimia, watu wanacheka na mimi nacheka.

Kwa hiyo mwanangu, nakuomba hivi. Huko Lingeka usianze na ngazi. Vua helmeti ungali barabarani, ili uso wako uonekane. Salimia, na ukiitikiwa subiri uulizwe habari za nyumbani, ujibu, na wewe uulize. Nenda kwa viongozi wa sungusungu ukiwa na mteja wako, mkubaliane kikilia kitu hicho nani atoke, nani apige simu, na nani asimame mlangoni kuzuia watu mpaka ijulikane kuna nini. Tafuta jirani mmoja wa kukijibia, anayejua kukizima, na awe mtu anayeshinda pale, si tajiri anayesafiri. Ukitaka kukijaribu, tangaza kwanza, kisha kiguse kidogo tu, na uwashukuru waliosimama kusikiliza. Usikiache kamwe kilie kwa kujifurahisha. Na kikilia bure, siku hiyo hiyo rudi ukakitengeneze, uwaombe radhi mmoja mmoja, hata kama umepoteza siku nzima. Mteja anakulipa kwa ajili ya mtambo, lakini wanaomlinda hawalipwi na mtu, wanakuja kwa imani. Imani hiyo ukiichezea, unamwachia mteja wako boksi la kelele.

Haya, pakia sasa. Mungu akutangulie barabarani, akupe mkono mwepesi na sikio la kusikia unapoamkuliwa. Akupe wateja wenye ukweli na majirani wasiochoka kuja. Na siku ukiangukiwa na jambo, ukiwa chini, watu wamekuzunguka na mtu akauliza nani anamjua huyu, Mungu akujalie wasipatikane wa kunyamaza.