Siku Mama Alipopanda Chukudu

Hadi leo nikisikia harufu ya mpira ulioshika moto, nacheka peke yangu. Juzi hapa Majengo pikipiki moja ilifunga breki mbele ya duka langu, na ile harufu ikanirudisha moja kwa moja Ndosho, mtaa nilikokulia, kwenye chukudu ya Papa, siku ya jua kali, Mama akiwa ameketi juu yake kama bibi ya gavana.

Chukudu, kwa asiyeijua, ni kama baiskeli ya mbao isiyo na pedali. Magurudumu yake yamevikwa mpira wa matairi makuukuu, na breki ni kipande cha tairi unachokikanyaga kwa mguu. Papa alishusha nayo viazi na makala, yaani makaa ya kupikia, tangu ujana wake, na msemo wake ulikuwa mmoja: "Chukudu haitembeaka bule." Kila safari na mzigo wake.

Wiki ile valizi ya Mama, sanduku lake la safari, ilikuwa imefungwa, imesimama kando ya mlango. Jumatatu angepanda gari kurudi kwao Butembo. Papa alipomposa alimwahidi kumtembeza kando ya ziwa, na sasa mimi najifunga viatu mwenyewe, bado hajatembezwa. "Ile ziwa najuaka na mugongo tu!" Mama alimwambia. Kweli kabisa. Kila siku alipanda kutoka ziwani na bidoni, dumu la maji, mgongoni, kamba ikimkata paji la uso. Mimi niliogopa kitu kimoja tu, kuamka Jumatatu na kukuta mlangoni hakuna valizi wala Mama.

Basi Jumapili, baada ya misa, Papa akaosha chukudu kwa sabuni, akatandika juu yake kigodoro changu cha zamani. "Mama Masika," akasema, "panda. Leo hakuna bidoni." Masika ndiye mimi. Mama akamtazama, akalitazama jua, akaingia ndani kuvaa kitenge chake cha sikukuu. Mimi nikawekwa mbele, katikati ya mikono ya Papa.

Weee! Nitawaelezaje? Mbao zililia, upepo wa moto ukatupiga usoni, Mama akapiga kelele, "Yesu Maria! Polepole, weye!" huku anacheka. Chukudu hubeba viazi, haibebi bibi ya mtu, kwa hiyo vijana walitoka hadi barabarani kutushangaa. "Papa Masika, leo viazi vimevaa kitenge!" Papa akawajibu kwa mluzi. Breki ilinuka, nami nilitamani mteremko usiishe.

Uliisha, tukashika barabara ya kando ya ziwa. Hapo muuzaji mmoja wa makala akapunga mkono. Gunia lake lilitakiwa sokoni mbele kidogo. Na Papa, jamani, akasimama! Kabla hajawaza alikuwa amemwomba Mama ashuke kidogo, gunia limelala juu ya kigodoro, naye anakaza kamba. Mama alivua viatu, akavishika mkononi, akaenda zake kwa miguu juu ya mawe meusi yaliyokuwa yakiungua kwa jua.

"Papa," nilisema, "Mama anaenda."

Kamba ikamponyoka. Alitazama gunia, akautazama mgongo wa Mama, kisha akalishusha gunia palepale, muuzaji akilalamika, tukamkimbilia. "Musamaha, mama, musamaha! Ni mukono ilifanya, si mimi." Mama alijaribu kununa, lakini vumbi la makala lilikuwa limempaka Papa mpaka puani. Kicheko kikamtoka, nami nikapumua.

Ziwa siku ile liling'aa hata macho yaliuma. Tulikula sambaza, vile visamaki vidogo, vikiwa bado vinachemka kwa mafuta, na pilipili ikanitoa machozi ya furaha. Mama akaingia majini na kitenge chake, akamrushia Papa maji, Papa naye akakimbia kama mtoto. Nilikuwa sijawahi kumwona Mama ndani ya ziwa bila kuinama kuchota. Alikuwa mzuri, mama yangu, na nilimwambia hivyo.

Jua lilipoanza kulegea, Mama akamfuata yule mwanamke aliyetukaangia sambaza, akarudi na bidoni tupu ya njano. Akaisugua kwa mchanga, akaisuuza, akaizamisha, maji yakaingia gudugudu. Moyo wangu ukafa. Bidoni tena! Nikaangua kilio cha hasira, nikangoja Papa akataze.

Hakukataza. Aliipokea taratibu kama anapokea mtoto mchanga, akaifunga juu ya chukudu kwa kamba nyingi kuliko ilivyohitaji, na macho yake yalikuwa yamelowa. "Chukudu haitembeaka bule," Mama alimwambia. Wakasukuma mlima wote bega kwa bega, wakitaniana, nami nikawafuata nimenuna hadi nyumbani.

Asubuhi nilimkuta Mama anakoroga uji, na valizi imerudi chini ya kitanda. Kwa miaka mingi niliamini ni sambaza na mchezo wa majini vilivyomlainisha. Ilibidi niolewe, na mimi mwenyewe nifunge valizi yangu siku moja, ndipo nikaelewa Papa aliona nini pale ukingoni mwa ziwa. Mwanamke anayeondoka Jumatatu hachoti maji ya uji wa Jumatatu.