Baba kanizimia sinema ya gereza

Jamani, Baba yangu ananitafutia presha!

Miaka ya tisini, tukikaa Kiseke, alinipeleka banda la video kuona sinema ya mkuu wa gereza anayeuza chakula cha wafungwa. Katikati akanivuta mkono, tukatoka. Nililia njia nzima.

Leo nimeipata tena. Nikamwita tuitazame wote.

Ilipofika palepale, mzee kazima runinga!

“Baba, nataka kuona kama alikamatwa!”

“Mimi nikiwa askari magereza niliripoti wizi kama huo, mwanangu. Nikahamishwa mimi.”

Miaka yote hii hajawahi kututamkia neno.

Hasira na huruma vikagongana ndani yangu. Yeye kaenda zake kulala, na rimoti kaondoka nayo.

Ninyi mngemfuata, au mngemwacha?