Jina Ambalo Sikulisoma

Jumanne ile Atupele alikuwa anapepeta mchele uani, nami nimekaa kwenye ndoo niliyoipindua, naandika ukoo wetu. Kazi hiyo nilijitolea, nikajifundisha mwenyewe. Wazee waliokuja Usangu na ng'ombe kutoka kaskazini walikuwa wanakufa mmoja mmoja, na majina yanazikwa nao. Niliogopa kukosea hata jina moja. Ukurasa wenye doa niliuchana, nikaanza upya.

"Shemeji, na mimi niandike," alisema Atupele. Binamu yangu Masanja alikuwa amemleta mwaka huo kutoka Uyole.

Babu alikataa. "Ng'ombe za mahari hazijaenda kwao. Huyo bado mgeni."

"Mgeni gani anasonga ugali wa watu kumi na nne?" alijibu Atupele.

Tulicheka wote, hata Babu. Ningeweza kumwandika kwa penseli. Sikutaka daftari liwe na kitu cha mashaka.

Ugomvi wa ng'ombe na mashamba ya mpunga tuliuzoea. Alhamisi ulikuja na magobore. Kijana mmoja wa wakulima alikuwa ameuawa, na aliyemuua alikuwa wa upande wetu.

Saa nane mchana nyumba ya kwanza ya kwetu iliwaka.

Masanja alianguka mlangoni mwa zizi.

Nilikimbia na daftari.

Jioni tulikusanyika kwenye darasa moja huko Chimala. Babu akaniambia nisome majina. Nikasoma, kizazi kwa kizazi, watu wakaitika. Masanja tulijua hataitika.

"Basi wengine tumetimia," alisema Babu.

Naona aibu kuandika hili: nilifurahi. Daftari langu lilikuwa limefanya kazi.

Hakuna aliyemuulizia Atupele. Mama mkwe wake alidhani amekimbilia kwao. Mimi sikudhani chochote.

Mkulima mmoja alimkuta alfajiri kwenye mfereji wa shamba lake, ana risasi pajani. Alituambia Atupele alikuwa bado anapumua. Alikata roho mikononi mwake.

Sasa naishi Iringa. Ndugu waliotawanyika hunipigia simu kuulizia babu zao, na hunishukuru. Atupele sijamwandika. Kila nikishika kalamu naona kama najisafisha tu.

Mwezi uliopita mama yake Atupele alikuja. Alikuwa amesikia kuna daftari. Hakulia, wala hakunilaumu.

"Mwanangu, nionyeshe alipo."

Nilimfungulia ukurasa wa Masanja. Aliufuata kwa kidole, mstari kwa mstari, mpaka chini. Kisha akarudi juu, akaanza tena.