Chetezo Gerejini

Turkiya hajapata kumsikia mumewe, fundi wa gereji hapa Ibra, Omani, akisifu gari. Hugonga bodi kwa kifundo cha kidole, hutega sikio, kisha husema, "Bado." Hata kile kigari cha Kifaransa cha viti viwili, cha kabla ya vita vya Hitla, alichokitoa kwenye kutu mpaka kikang'ara, alikiambia vivyo hivyo. Siku mwenyewe alipokuja kukichukua, fundi alimwomba Turkiya chetezo, akakifukiza kigari udi, viti na usukani.

"Unanipa gari au biharusi?" mwenyewe akacheka, akawasha, akaondoka.

Fundi alikwishawapa mgongo, yuko bombani, ananawa mikono iliyotakata zamani. Turkiya akamwacha. Hata siku binti yao alipochukuliwa na mumewe, baba mtu alikuwa papo hapo, ananawa.