Jumamosi Hamidu Alipomgeuza Stelingi Kuwa Adui

Jamani, mmewahi kuona banda zima la video linamzomea stelingi na kumpigia makofi adui?

Mimi nimeona. Hapa hapa Tarime, Jumamosi mchana kweupe. Na aliyefanya hivyo ni mume wangu.

Naitwa Saida. Mume wangu Hamidu ana banda la video nyuma ya stendi. Mimi nakaa mlangoni napokea kiingilio na kuuza kahawa. Yeye anashika maiki na kutafsiri. Picha inaongea Kiingereza, yeye anaiongelesha Kiswahili, na akichangamka anatupia Kikurya, watu hawana mbavu.

Kama hujawahi kuingia banda, elewa hili: watu hawasikilizi picha, wanamsikiliza Hamidu. Akisema yule mwizi, basi ni mwizi.

Sasa kuna Vicent, rafiki yake tangu utotoni, mwandishi wa televisheni moja ya mtandaoni. Alirusha habari ya lambo la kunyweshea ng'ombe kijijini kwao. Mkubwa mmoja alilizungushia seng'enge akasema ni lake. Jina la mkubwa silitaji, nina watoto.

Mkubwa hakujibu habari ya lambo. Alisema tu, "Huyo Vicent ni Mkenya. Muulizeni nani kamtuma."

Huku mpakani neno hilo ni baya, maana nusu yetu tuna shangazi Isebania, upande wa Kenya. Mama yake Vicent kweli alitoka ng'ambo akaolewa huku. Lakini Vicent alizaliwa Tarime, chumbani kwa mama mkwe wangu, Bi Mwanne. Uchungu ulimshika mama yake akiwa amekuja sokoni, Bi Mwanne akampokea mtoto kwa mikono yake.

Wazee wote walioijua habari hiyo wameshatangulia. Bi Mwanne aliiacha kwa Hamidu peke yake, na Hamidu akanisimulia mimi.

Ijumaa Vicent akaja na flashi.

"Kaka, kesho tafsiri hii."

Ilikuwa picha ya zamani, haina rangi. Mtangazaji wa televisheni, enzi ambazo mwanasiasa mmoja aliitia nchi yao nzima woga kwa kuwaita watu wasaliti. Mtangazaji anapewa habari asome kwamba mwenzake ni msaliti. Ananyamaza mbele ya kamera, kimya kirefu. Halafu anasema, "Huyu namjua. Si msaliti. Mnatishwa tu."

"Kesho ni siku ya soko," Vicent akasema. "Watu wa kwetu lazima wapite kwako. Wakiiona hii, Jumapili kwenye ritongo watanisikiliza. Na wewe usimame, useme nilizaliwa wapi."

Ritongo ni kikao cha wazee wa Kikurya, na Jumapili kingeamua kama Vicent ni mtu wa huku. Usipopata wa kukutambua pale, umekwisha.

"Nitasimama," Hamidu akamwambia. "Wewe si ndugu yangu?"

Jumamosi banda likajaa hadi mlangoni. Hamidu alikuwa moto. Picha ilipofika katikati, akaingia Kisyeri, dereva wa yule mkubwa. Akakaa benchi la mbele, mikono kifuani.

Nikamwona mume wangu anamtupia jicho.

"Haya wananchi!" akapaza sauti. "Mlidhani huyu mtangazaji ndiye stelingi? Mmeliwa! Huyu katumwa na maadui!"

Nikabaki na birika mkononi. Picha ikafika pale kwenye kimya.

"Mnaona? Kanyamaza! Hana la kusema, katumwa!"

Banda zima likaitikia, "Katumwa! Katumwa!" Yule mwanasiasa mtishaji akapigiwa makofi mpaka mabati yakatetemeka.

Vicent alikuwa benchi la nyuma, na Kiingereza anakijua. Akainuka taratibu, akanikuta mlangoni.

"Shemeji, mkumbushe asisahau kesho."

Wallahi, ni bora angetutukana.

Nyumbani nilimvaa. "Hamidu, umefanya nini?"

"Hukumwona Kisyeri? Wakifunga banda mtakula nini? Ile ni picha tu, Saida. Kesho nitasimama."

Jumapili akaenda. Mimi sikuwepo, ritongo ni la wanaume, lakini amenisimulia mara nyingi mpaka naliona.

Mzee mmoja akauliza, "Kuna anayejua huyu alizaliwa wapi?"

Kabla Hamidu hajainuka, vijana nyuma wakaanza, "Katumwa! Katumwa!" Watu wakacheka. Maneno yake mwenyewe, wakiiga sauti yake mwenyewe ya kwenye maiki.

Mdomo unaolisha nyumba yetu ukagoma. Akaangalia viatu vyake. Vicent alimtazama mara moja, halafu hakumtazama tena. Wazee wakasema hawana shahidi.

Njiani kurudi, Kisyeri akamfuata.

"Hamidu, mimi nimesoma Kenya, Kiingereza nakisikia. Ile picha jana uliigeuza kwa nini?"

"Si ulitumwa kunisikiliza?"

"Nani anitume? Mkubwa hata banda lako halijui. Vicent ndiye aliyenialika. Ile seng'enge niliifunga mimi, usingizi sipati. Nilitaka leo nisimame niseme. Nilikuwa nangoja usimame wewe kwanza."

"Ungesimama tu!"

"Baada ya kukusikia jana? Nilijua nitakuwa peke yangu."

Jumatatu asubuhi Hamidu alikimbia mpaka kwa Vicent. Mlango una kufuli. Bodaboda wa pale akamwambia amempeleka mpakani Sirari na begi lake, naye akavuka.

Na mjini wakasema nini? "Si tulisema? Mkenya karudi kwao!"

Mume wangu siku hizi sahani anairudisha na chakula. Anasema amemfukuza ndugu yake kwa maiki. Simbishii, kwa sababu ni kweli. Kinachommaliza zaidi ni vijana. Kila Jumamosi wanagonga bati: "DJ, weka ile ya Katumwa!" Hajawahi kutafsiri picha ikapendwa kama ile.

Ndugu zangu, hakuna aliyemtisha Hamidu. Woga aliukaribisha mwenyewe, akaukalisha benchi la mbele. Kama unamjua mtu, sema unamjua siku anapokuhitaji. Ukingoja kesho, atakuwa ameshavuka.

Na mimi nisijifanye jasiri. Ile Jumamosi nilikuwa mlangoni, ningeweza kupiga kelele, nikashika birika langu. Jina la mkubwa mpaka sasa silitaji. Ila moja nalisema hapa mbele ya watu wote.

Vicent, ulizaliwa Tarime, chumbani kwa Bi Mwanne. Namjua aliyekupokea. Nimesema mimi Saida, mke wa Hamidu.